Kilima cha Rusenge Kisiuzwe

Karibieni kitanda, watoto wangu, na wewe Charline usiniambie tena nipumzike, maana nitapumzika sana na hakuna mutu atakayeniamsha. Daktari amesema moyo umechoka na mapafu yameingia maji. Alisema kwa Kifaransa, akidhani huyu mama muzee hasikii. Nimesikia yote. Lakini angalieni uso wangu, je, huu ni uso wa mutu anayelia? Tangu Alhamisi nina furaha ambayo hainipi usingizi, na kabla haijanitoka na pumzi yangu nataka niimwage mbele yenu, ninyi wawili niliowazaa, Josias mukubwa na Charline mudogo, na mbele yako, Dancille, jirani yangu, uliyekaa pembeni na rozari yako kama mugeni. Sogea, Dancille. Haya yanakuhusu sana.

Munajua nyumba yetu ya kwanza ilikuwa katikati ya Goma, na mwezi wa kwanza wa mwaka 2002 lava ilipita juu yake ikaacha jiwe jeusi linalotoa moshi. Papa yenu, Sikuli, alikuwa njiani na lori la maharagwe kutoka Butembo. Niliwavusha peke yangu hadi Gisenyi, Josias akibeba sufuria, Charline akishika kitenge changu. Tuliporudi nikasema sitajenga tena mahali pa chini. Nikauza maharagwe Mabanga miaka mitatu bila kununua hata kiatu, mupaka nikapata parsele hii ya Rusenge, huku juu ya Himbi, sehemu ya chini ya kujenga na sehemu ya juu ya kulima. Siku ya kuandikisha papa yenu alikuwa tena barabarani, kwa hiyo karatasi iliandikwa jina langu, Émérance. Alicheka, akasema kuanzia leo yeye ni mupangaji wangu, na utani huo aliuendeleza mupaka siku tuliyomuzika.

Wakati ule Rusenge ilikuwa na miti, ungeweza kupanda mupaka juu saa sita ya muchana bila jua kukugusa. Kisha vita vikaleta wakimbizi, nao wakakata miti ili wapike. Siwalaumu, hata mimi ningekata. Baada yao wakaja watu wa machepe, wakachimba ile changarawe nyeusi ya volkano na kuwauzia wajenzi, lori baada ya lori. Kilima kikabaki kipara, na kila mvua ilishuka na udongo mupaka kwenye milango ya watu.

Sasa nitubu, na munisikilize vizuri maana sitarudia. Mimi na Dancille tulikaa miaka kumi na minne bila kusalimiana. Ninyi mulikua mukijua kwamba Dancille, huyu mujane aliyetoka Masisi, alitaka kutunyang'anya shamba. Ndivyo nilivyowaambia, na ndivyo nilivyomwambia padri. Ukweli ni kwamba mwaka ule alipokwenda kwao kuzika mama yake, niling'oa ua wa mupaka nikaupanda upande wake, hatua tatu. Aliporudi aliona, akaniuliza kwa upole, nami nikamutukana kwa kabila lake. Kwa kabila lake, Charline! Mimi niliyesoma masomo ya Jumapili mbele ya kanisa zima. Alirudi kwake akafunga mulango, na tangu siku hiyo tulipishana njiani kama watu wasiojuana.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi na moja, tope lilishuka likachukua jiko la Dancille. Ndani ya jiko alikuwemo mujukuu wake Umuhire, wa miaka tisa, akichambua mboga. Nilikwenda kilioni nikasimama nje ya uzio, nikashindwa kuingia. Nilimuona mama huyu amekaa chini, mikono yake imejaa tope, hataki mutu yeyote aioshe.

Jumamosi iliyofuata nilimuona kupitia dirisha langu akipanda kilima peke yake na jembe. Akaanza kuchimba mufereji wa kukata muteremuko, ili maji ya mvua yakwame humo yasishuke kwa nguvu. Jumamosi ya pili akarudi. Ya tatu pia. Watu walisema kifo kimemuharibu akili. Jumamosi ya nne sikuvumilia. Nilichukua jembe langu nikapanda, nikasimama nyuma yake, na neno la kwanza nililomwambia baada ya miaka kumi na minne lilikuwa la kipumbavu kabisa.

Nikasema, "Mufereji yako iko napinda."

Hakugeuka. Akasema, "Basi kuya unyooshe."

Ndivyo kikundi chetu kilivyozaliwa, watoto wangu, musimusikilize mutu atakayewaambia kilizaliwa kwenye semina. Tulikuwa wawili. Mwezi mumoja baadaye tulikuwa tisa, kisha arobaini, wauza samaki, mafundi wa viatu, walimu, mama wa kanisa letu na mama wa makanisa mengine, Wanande, Wahunde, watu wa Rutshuru na wa Masisi. Hakuna aliyelipwa. Kila Jumamosi asubuhi tulifanya salongo, kazi ya wote kwa ajili ya wote, ile tuliyozoea kuifanya kwa kulazimishwa, sasa kwa kupenda. Miche tuliikuza ndani ya chupa za maji zilizokatwa. Tulipanda matete kando ya mifereji, mianzi mabondeni, miti ya grevilea na misave juu. Ukame wa kwanza uliua nusu, tukalia kidogo, tukapanda tena. Wale wa machepe tuliwaomba wachimbe mahali pengine; wengine walitutukana, wengine wakaja kuchimba mifereji nasi, na ni wao waliojua kilima kuliko sisi wote.

Kisha ikaja ile Jumanne. Nikiikumbuka damu inanichemka bado, hata sasa, gusa mukono wangu uone! Tulisikia mungurumo, tukatoka, tukaona tingatinga kubwa la njano likipanda njia yetu, limekuja kufungua barabara kwa ajili ya nyumba za tajiri fulani. Tulikimbia. Dancille akapiga filimbi, wanawake wakatoka kila upande, wengine na watoto mugongoni. Hatukuwa na mawe wala mapanga. Tulikuwa na miche mia mbili iliyokuwa ikingoja Jumamosi. Dancille akapiga magoti katikati ya barabara, mbele ya kile chuma, akachimba shimo na kupanda muche. Nami nikapanda wa pili. Tukapanda mustari mupaka karibu na meno ya mashine.

Dereva akatoa kichwa. "Ba mama, mutoke mu barabara! Niko mu kazi!"

"Na sisi tuko mu kazi, papa," Dancille akamujibu. "Ungoje tumalize."

"Mutamaliza saa ngapi?"

"Kama Mungu anapenda, miaka makumi mbili."

Yule dereva alicheka mupaka akazima mashine. Alishuka, akakaa chini ya kivuli cha gurudumu, akampigia simu bosi wake.

Bosi alikuja na karatasi. Akanitupia akisema nisome kama najua kusoma. Nikasoma. Iliandikwa kwamba sehemu ya juu ya Rusenge, parsele yangu mimi, imeuzwa, na chini kulikuwa na sahihi, ile J yenye mukia murefu niliyokufundisha mimi mwenyewe, Josias, kwa kipande cha makaa juu ya saruji, ulipokuwa na miaka mitano.

Inua kichwa. Sikukuita hapa nikuaibishe. Dada yako anayajua haya na mutaa muzima unayajua. Nayasema ili uyasikie kwa sauti yangu. Siku ile niliwageukia wanawake wale nikawaambia, "Aliyeuza ni mutoto wangu." Niliona wengine wanaokota majembe yao waende; walifikiri nimewachezea miaka yote ile. Na nani aliyeniokoa? Mwanamuke niliyemuibia hatua tatu. Alisimama, akapangusa magoti, akasema, "Mutoto ameuza. Mama hajauza. Muendelee kuchimba." Nao wakaendelea.

Siku mbili nilizunguka maofisi na karatasi yangu ndani ya kitenge. Walifungua kitabu kikubwa, wakakuta jina la Émérance, na mauzo yako yakavunjika. Ukalazimika kurudisha ile gari uliyopewa kama malipo. Ulirudi kwa muguu, muji muzima ukiangalia, najua, na ukakaa miezi minane bila kukanyaga nyumba yangu. Ulinitumia wajukuu Bonané, siku ya mwaka mupya, wewe ukabaki barabarani. Nilikuona kupitia pazia. Nilitaka kutoka, nikazuiliwa na kiburi, kile kile cha miaka kumi na minne. Kwa hilo mimi ndiye wa kuomba musamaha, nami nauomba mbele ya mashahidi hawa.

Ngoja. Maji kidogo, Charline. Haya.

Alhamisi! Sasa tufike Alhamisi, maana ndiyo iliyonifanya niwaite. Saa nane ya muchana mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Sake, kisha ikaanguka mvua na barafu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Dancille na kikundi hawakungoja. Walikwenda upande wa pili wa kilima, ule ambao wenye mashamba walikataa tusipande miti, wakapiga filimbi nyumba kwa nyumba, wakawatoa watu kwa nguvu, wazee wakibebwa mugongoni. Watu kumi na mumoja walitoka. Robo saa baadaye upande ule ukamomonyoka kwa kishindo, nyumba mbili zikaondoka nao, na hapakuwa na mutu hata mumoja ndani. Hata mumoja, watoto wangu!

Na upande wetu? Nilishindwa kukaa ndani. Nilitoka nikasimama kwenye mvua, kwa sababu chini ya kilima, kwenye ukingo kabisa, ndipo Josias alipojenga, na ndani ya nyumba ile walikuwemo wajukuu wangu. Niliona mufereji wa kwanza ukijaa, wa pili ukijaa, wa tatu. Maji yakafurika polepole, yakapita juu ya matete, matete yakalala, yakainuka. Grevilea zilitikisika kama watu wanaocheza. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini. Nilikuwa nahesabu mistari kama mutu anayeangalia mupira dakika ya mwisho. Udongo haukusogea. Mvua ikapungua, na Rusenge ilikuwa bado imesimama mahali pake!

Kisha nikamuona mutu anapanda mbio, tope mupaka kiunoni, kiatu kimoja. Alikuwa Josias. Alikuwa analia na kucheka. Alisema, "Mama! Imeshika! Kilima imeshika! Batoto bote bazima!" Akanikumbatia palepale kwenye mvua, na tukasimama vile muda murefu, ndiyo maana nimeingiwa na baridi ya kifua. Musimulaumu. Ningeweza kusimama mupaka asubuhi.

Sasa muandike, Charline, sauti inapungua. Nyumba hii ni yako, na vyombo vyake. Duka la Mabanga ni la Josias. Uza maharagwe kwa kipimo kilichojaa, usibonyeze chini ya kopo kama wengine. Sehemu ya juu yote naiacha kwa kikundi. Isiuzwe, isikodishwe, isichimbwe hata ndoo moja ya changarawe. Karatasi iko tayari mezani, jina langu liko juu, na chini nimeacha nafasi ya shahidi. Josias, utaweka pale ile J yako. Nataka kuiona mahali panapofaa.

Ua wa mupaka urudi hatua tatu. Muurudishe ninyi wawili kwa mikono yenu, musitume kibarua, na kila mutu apitaye akiuliza munafanya nini, mumuambie ukweli. Dancille, usikatae. Nyamaza. Ni zako.

Musizungushie kilima uzio. Akija mama anatafuta kuni, musimufukuze. Mumuonyeshe matawi yaliyopogolewa, mumuombe aje Jumamosi. Upande ule ulioanguka, kaongeeni na wenyewe mapema, kabla mvua ya mwezi wa tisa. Sasa watakubali. Kaongeeni nao kwa adabu, musiwaambie tuliwaonya.

Mimi munizike karibu na papa yenu. Nataka sanduku la mbao nyepesi, na musikodi muziki. Mahubiri yawe mafupi, wazee wasisimame juani.

Pigeni magoti, nifikishe mukono... Hivi. Mungu wa Sikuli na Mungu wa mama zangu awabariki. Awape kulala bila hofu mvua ikinyesha. Charline, upate mume anayecheka. Josias, watoto wako wakuheshimu kuliko... wakuheshimu tu, inatosha. Dancille, dada yangu, nimechelewa kukuita hivyo, ubarikiwe, na Umuhire akutangulie kwa mwanga.

Nimechoka sasa. Ni uchovu mutamu... kama wa Jumamosi, jembe likiwekwa chini. Tokeni kidogo, nilale.

Hapana, Josias. Wewe bakia.