Apolinary Mugeta na Maji ya Kaya Tisa

Marehemu Apolinary Mugeta hakuwa mtu wa kumwaga maji na kugeuka. Ndilo jambo la kwanza ambalo kila mgeni aliliona nyumbani kwake: alimwaga beseni, akasimama, akayafuata maji kwa macho mpaka yalipoishia.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 Kiriba, mtoto wa tatu wa Mzee Florian Mugeta, mvuvi na mkulima. Alisoma shule ya msingi Kiriba mwaka 1970 hadi 1976, kisha akajifunza ufundi bomba Musoma mjini na kuhitimu mwaka 1980. Alifanya kazi katika kiwanda cha pamba Bunda hadi mwaka 1996, ndipo akahamia Musoma kujitegemea.

Tarehe 17 Oktoba 1987 alifunga ndoa na Dafroza Masanja katika kanisa la Kibara. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2019 aliunganisha kaya tisa za mtaa wake. Maji ya kuogea na kufulia, yaliyokuwa yakitiririka njiani, aliyaelekeza kwenye shimo la kutulizia uchafu, kisha kwenye kitalu cha kokoto na matete, yachujike na kutumika tena. Matete yalipochipua tu, ng'ombe wa jirani yake Mwikwabe waliingia wakayamaliza.

"Shemeji, ng'ombe wako wamekula mtambo," marehemu alimwambia kwa utani.

"Basi usubiri, maziwa yatatoka yamechujwa!"

Marehemu alicheka, akapanda upya na kuzungushia ua wa minyaa. Maji yalipotoka meupe, majirani walikubali kumwagilia miti. Mboga walikataa.

"Maji ya kuogea mtu anakulaga?" Mama Shija, mmoja wa majirani hao, aliuliza kikaoni.

"Mama, ziwani mnaogaga, mnafuaga, halafu mnachotaga humo humo," alijibu.

Walicheka, lakini hawakubadili msimamo. Miaka ikapita, hatimaye ikakubaliwa maji yapimwe maabara. Yakifaa, kaya zote tisa zitalima bustani moja ya mboga wakati wa kiangazi. Sampuli ilipelekwa Januari mwaka huu wa 2025. Marehemu alikuwa ameshasia mbegu za mchicha na sukuma wiki.

Aliugua figo tangu Novemba 2023. Alitibiwa Musoma, akapelekwa Mwanza, akarudishwa. Wiki ya mwisho alilazwa hospitalini. Kila asubuhi alimuuliza mkewe, "Majibu yametoka?" Naye alimjibu, "Bado, baba Jastin." Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, hakuuliza. Mama Dafroza alikaa kando ya kitanda akingoja aulizwe, mpaka muuguzi alipomgusa bega. Hakulia. Alikunja shuka, akauliza vyombo vioshewe wapi.

Marehemu ameacha mjane, Dafroza, watoto watatu, Jastin, Rhobi na Miriamu, wajukuu watano, na dada yake, Bi. Nyamisi wa Butiama. Mwenyezi Mungu ampokee mtumishi wake na kumpa pumziko lisilo na maumivu.

Maabara imesema majibu yatatolewa Ijumaa, tarehe 14 Februari. Miche imeshafikia kimo cha kuhamishwa. Mama Dafroza amewaomba ndugu wasiondoke na simu ya marehemu, maana namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya maabara. Mama Shija ameahidi kuja asubuhi hiyo, wakae wote wawili, wasubiri ipigwe.