Kiboksi Kinachouliza kwa Kaka

Siku hiyo kwenye benchi la kahawa, nje ya kibanda cha Fundi Saa, hakuna aliyebishania mpira. Wote walikodolea macho kiboksi kidogo kama kipande cha sabuni, kilichokaa mezani katikati ya saa zilizopasuliwa matumbo. Wateja wa mbali walitaka kumlipa Fundi kwa sarafu za mtandaoni, na kiboksi ndicho kingepokea. Ila hakikuwa na nafasi ya kubeba historia nzima ya malipo ya sarafu hizo. Kompyuta iliyoibeba ilikuwa mji mwingine, kwa kaka yake, na wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu wagombanie nyumba ya marehemu baba yao. Asubuhi Fundi alipiga moyo konde, akamwandikia kuomba njia ya kuifikia kompyuta hiyo. Ilirudi anwani na neno la siri, basi.

Sasa alikuwa akiviingiza kwenye kiboksi, kwa vidole vilivyozoea parafujo ndogo kuliko punje ya mtama.

— Kwa hiyo hicho kidude chenyewe hakijui kitu? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Kinajua kuuliza. Funguo za pesa ninazo hapa. Kule kinauliza tu kama malipo ni ya kweli.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo umechapia, alisema Mama Kahawa akimmiminia. Mimi naona kule kuna watu, wanajibu kwa zamu.

— Mtu gani akumbuke malipo ya dunia nzima? alisema Breki. Hiyo kitu itakuwa inakumbuka hata marehemu walisema nini kabla ya kukata roho.

Fundi hakucheka. Alibonyeza.

Halafu mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, bila kukoma. Breki alivua kofia.

— Kompyuta ya kaka inajibu, Fundi alinong'ona. Kila kinachoulizwa, inajibu.

Mwanamke aliyekuja kuchukua saa yake ya ukutani alisimama nyuma yao. Mama Kahawa akamweleza yote, mpaka ya nyumba ya baba.

— Mashine zimeelewana, alisema yule mwenye saa. Nyie wenyewe je, mnangoja nini?

Mama Kahawa aliweka birika chini.

Fundi alijifuta mikono, akachukua simu, akapiga. Iliita sana. Ikapokelewa.

— Shikamoo, kaka, alisema, na benchi zima likazuia pumzi.