Vali ya Tanuru la Mwaka Sabini na Tisa

Benchi la duka la vifaa la hapa Kessling liko kati ya makopo ya rangi na birika kubwa la kahawa, na kila asubuhi ya baridi hukaliwa na watu walewale watatu. Yupo Redio, kwa sababu hazimiki. Yupo Profesa, aliyesoma chuo muhula mmoja akarudi kulima ngano. Na yupo Mzee Orest, ambaye wanamwita Chuma. Jumanne ile nilikaa nao, mwanangu Elsie wa miezi minane akiwa kifuani. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Tanuru la gesi linalopasha nyumba yetu joto lilizimika alfajiri, mume wangu yuko mgodini kaskazini, na fundi Maricel alisema vali inayofungulia gesi imekufa. Mpya ingechukua siku tano kutoka Winnipeg. Kufikia jioni mabomba yangeganda, nami ningelazimika kumpeleka mtoto kwa mama mkwe, mwendo wa saa nne kwenye barabara inayofukiwa na theluji. Maricel alikuwa garini mwake akipigia simu kila duka la mkoa. Vali mbovu niliiweka benchini, wakaizunguka kama mgonjwa.

— Hii naijua, alisema Redio. Yule mchuuzi mwenye tai nyekundu aliuza matanuru kumi na moja ya aina hii hapa mjini, mwaka sabini na tisa.

— Yaliyobaki yakitumika ni mawili, alisema Profesa. La huyu binti na la Chuma.

— Basi mimi nakwambieni vali zake hazipatikani, alisema Chuma. Kiwanda kiliungua.

— Hakikuungua, bwana. Kilihamia Meksiko.

— Kiliungua, Redio. Moto wa siku tatu.

— Kiwanda cha vali za kuzuia moto kiungue? Ndiyo maana wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu. We kunywa kahawa.

Profesa akavua miwani. Alipofanya hivyo tulijua kinachokuja.

— Ukweli ni kwamba jeshi lilizinunua zote. Vali hii haivuji hata chembe, wakazifunga kwenye nyambizi. Zilizobaki ziko chini ya barafu huko ncha ya dunia.

— Nyambizi ina tanuru? akauliza Redio.

— Wewe ungekaa kule bila tanuru?

Redio akaninyooshea mikono. Nikampa Elsie. Alimtia ndani ya koti lake zito, kikabaki kichwa tu, akaendelea kubishana kwa sauti ya chini.

— Mimi kwenye banda nina tanuru bovu kama hilo, la marehemu shemeji. Tung'oe vali yake, tumalize.

— Maricel hafungi vali iliyokwisha kutumika, nikasema. Ameshaniambia. Gesi haina msamaha.

— Ana haki, akasema Profesa. Halafu, binti, usishtuke ukikuta mlango wako wa nyuma haujafungwa. Nimepita asubuhi, nikawasha hita mbili za umeme chini, karibu na mabomba. Zitayakinga yasigande mpaka usiku wa manane hivi.

Nilitaka kumshukuru, akainua mkono kama anafukuza nzi.

— Hazipatikani, Chuma akarudia, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata ukienda Ohio. Mtu akikwambia anayo, muongo.

— Mbona leo unakazana hivyo, mzee mwenzangu? akauliza Redio.

— Sikazani. Mbwa wangu hajala.

Akavaa kofia, akatoka. Kupitia dirishani nikaona pikapu yake inaondoka taratibu, moshi mweupe umesimama nyuma yake. Redio akasema mbwa wa Chuma alikufa mwaka juzi.

Maricel akaingia, nyusi zimeganda, simu mkononi.

— Nimepiga maduka kumi na tisa, dada. Pole sana. Anza kufunga vitu vya mtoto, uondoke kabla upepo haujaongezeka.

Nilikuwa nimeshasimama Chuma aliporudi. Alibeba boksi la karatasi lililopauka, utepe wa gundi wa kiwandani bado uko pembeni. Akaliweka benchini bila kumtazama mtu.

— Niliinunua waliposema wanaacha kuzitengeneza. Haijawahi kufunguliwa.

Maricel alivua glavu. Alisoma namba kwenye boksi, akasoma iliyo kwenye vali mbovu, akasoma tena. Akafungua, akachungulia matundu kwa tochi, akahakikisha ni ya gesi yetu ya bomba, si ya mtungi.

— Ni yenyewe, alisema. Saa sita mchana joto linarudi.

Nilikaa tena benchini. Redio alikuwa anamfunga Elsie kifungo cha koti.

Maricel akalikumbatia boksi. Mlangoni aligeuka. Alihamia hapa masika tu, hakuwa akijua lolote kuhusu yale matanuru kumi na moja.

— Mzee Orest, kama uliiweka akiba, basi na wewe unalo la aina hii. Likifa la kwako, utafunga nini?

Profesa akatazama sakafu. Chuma akachukua kikombe chake, akakiweka chini ya birika, akafungua koki. Yakatoka matone mawili.

— Kahawa imekwisha, alisema.