Bi Mwanapili Jaku na Moshi wa Matanuri ya Chokaa

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwanapili Jaku anastaafu, baada ya kuitumikia afya ya watu wa Unguja kwa miaka thelathini na nne. Wengi wetu katika kitengo cha elimu ya afya tumemkuta kazini, tumefundishwa naye, na baadhi yetu tumegombezwa naye kwa kuchoma taka uani.

Alianza akiwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya kusini mwa kisiwa. Watoto wa kijiji kimoja cha jirani walikuwa wakiletwa vifua vimewabana. Wakitibiwa, wakirudi kwao, na haupiti muda wanaletwa tena. Mwishowe akaenda mwenyewe kutazama kulikoni. Alikuta matanuri ya chokaa yamejengwa katikati ya nyumba, na kwa kuwa kuni zilikuwa adimu, wachomaji walichochea moto kwa mipira chakavu ya magari. Moshi mweusi uliingia hadi vyumbani walimolala watoto.

Mkutano wake wa kwanza ulivunjika. Mzee Pandu, mkubwa wa wachomaji, alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, “Bibi, moshi huu ndio unaotulisha. Ukiuzima, utatulisha wewe?”

Bi Mwanapili alikubali kuwa siku hiyo ameshindwa. Aliondoka kichwa chini, na mwenyewe husema kuwa usiku ule alilia. Lakini alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakuitisha mikutano. Alikaa na akina mama wakimenya muhogo, akawaeleza kuwa moshi wa mpira si harufu mbaya tu, bali ni sumu inayoingia mapafuni.

Asubuhi moja akiwa huko huko, upepo uligeuka na moshi ukaifunika nyumba ya Mzee Pandu. Mjukuu wake, Khairat, akashikwa na pumu hadi midomo ikabadilika rangi. Bi Mwanapili alimbeba mbio hadi nje ya moshi, akasimamisha gari ya kwanza iliyopita, akamfikisha kituoni yu hai. Babu yake alikaa kando ya kitanda akisikiliza namna mtoto anavyoitafuta pumzi.

Khairat alipopona, Mzee Pandu aliitisha mkutano yeye mwenyewe.

“Mimi nlidhani moshi unapita tu,” aliwaambia wenzake. “Kumbe unakaa vifuani mwa watoto wetu.”

Siku hiyo mipira ikapigwa marufuku. Matanuri yalihamishwa mbali na makaazi, upande ambako upepo haupeleki moshi majumbani, na Bi Mwanapili akahangaika maofisini hadi wanakijiji wakapatiwa miche ya mvinje ya kupanda kwa ajili ya kuni. Riziki haikukatika: walichoma kwa kuni chache walizozipata hadi miche ikakua. Kituoni, vitanda vilivyokuwa havikauki wagonjwa wa kifua vikaanza kuwa vitupu, na vijiji vingine vikatuma watu kumwita.

Ndipo alipohamia kitengo chetu, na sauti yake ikasikika redioni, skulini na misikitini. Kwao mjini, mtaa wa Kikwajuni, alikuwa na amri zake: wapishi wa harusi wakimwona anakuja, huutoa haraka mfuko wa plastiki waliotaka kuwashia kuni, wakamwamkia “Shikamoo” kwa sauti ya watu wasio na hatia. Naye huitika “Marahaba”, akainama kuchungulia mafigani.

Leo hatuhitaji tena kuwaeleza watu kwa nini moshi ni maradhi. Wanatueleza wao. Huo ni ushindi wa mtu aliyekubali kushindwa siku ya kwanza, kisha akarudi.

Bi Mwanapili, ahsante kwa kutufundisha subira. Mwenyezi Mungu akupe siha, umri wenye baraka na wajukuu wenye vifua vyepesi. Kaa barazani kwako, mama yetu, uvute pumzi kwa raha. Hewa hii umeipigania.