Losaline Vaipulu, Mwanafunzi wa Jumapili

Marehemu Losaline Vaipulu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika kijiji cha Fotulahi, kisiwani Foa, katika visiwa vya Ha'apai, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mosese na marehemu Kaufana. Alitanguliwa na kaka yake, Mwalimu Lopeti, ambaye ni baba yangu. Mimi ninayesoma ni Ilaisaane. Jina hili nilipewa na marehemu, kama ilivyo haki ya shangazi. Aliniagiza siku hii nisome polepole; hakuniagiza niseme nini.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1964, akaingia sekondari ya kanisa mwaka 1971. Mwaka 1973 bibi yangu Kaufana alianguka, akapooza upande mmoja, na wazee wakaamua kwamba wa kumuuguza ni binti. Mvulana aliendelea na masomo mpaka akawa mwalimu wa hesabu; msichana akarudishwa nyumbani na miaka yake kumi na mitano. Hakulalamika, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Tangu hapo alimgeuza mama yake kitandani asubuhi na jioni, na katikati alisuka mikeka na kina mama wenzake. Alitaka kitu kimoja tu maishani, kuwa muuguzi. Chuo kilidai cheti cha hesabu cha kidato cha tano, na hakikupokea mtu aliyetimiza miaka thelathini na tano. Nafasi ya kusoma alikuwa nayo moja, Jumapili alasiri, baada ya chakula na kabla ya ibada ya jioni, kijiji kizima kikikoroma. Aliokota kitabu kilichotupwa na shule, akaanza na hesabu za sehemu, akapanda mwenyewe hadi aljebra. Wapo waliokimbia kumshtaki kwamba anafanya kazi siku ya Bwana, na wengine wao wamekaa hapa leo na vitambaa vyao vya machozi. Mchungaji Sateki alimwita.

"Losaline, hiyo hesabu ni kazi au si kazi?"

"Mchungaji, mimi nakaa tu."

"Basi. Kama hutoki jasho, si kazi. Endelea, mwanangu."

"Jasho linatoka, mchungaji. Nikifika kwenye pembetatu, linatiririka."

Mchungaji alicheka mpaka akasahau kumkataza.

Hakuolewa. Alikuwepo Bwana Vunga wa Lifuka, aliyekuja Jumapili moja amejipaka mafuta ya nazi, akaketi barazani.

"Binti, nimekuja tuzungumze."

"Karibu. Mara tatu ya x, ukitoa saba, unapata ishirini. x ni ngapi?"

"Mimi nimekuja kuposa, sikuja kufanya mtihani!"

"Basi njoo kesho. Leo nimebanwa."

Hakurudi. Tunasikia yuko Auckland na wajukuu.

Kile kitabu kilikuwa kimenyofolewa sura moja, ya milinganyo yenye x kipeo cha pili. Nadhani mtu aliitumia kufungia samaki. Baba yangu aliifundisha sura hiyo kila mwaka, na alikaa nyumba mbili tu kutoka kwa dada yake. Lakini adabu yetu mnaijua: kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja, na jambo linalomtia mmoja haya, mwenzake halitaji. Kumwendea mwalimu mwingine kungekuwa kutangaza kwamba kaka amemkataa. Basi swali lilipitia kwa mtu aliyeingia nyumba zote mbili, mama yangu, Fipe. Kila Jumapili yeye ndiye aliyempelekea wifi yake fungu la kwanza la nguruwe na viazi vikuu kutoka kwenye mawe ya moto, kama anavyostahili dada wa mume.

"Wifi, niulizie kwa kaka. Hii x yenye mbili juu yake inatafutwaje?"

Jumapili iliyofuata jibu lilikuja pamoja na chakula. "Kaka yako kasema mwanamke wa umri wako asuke mikeka."

Na baba alipouliza nyumbani, "Dada anaendeleaje na hesabu?" aliambiwa, "Kaacha zamani. Anaona haya, anaomba usimtajie tena."

Baba, kwa heshima, hakumtajia. Shangazi, kwa heshima, hakuuliza tena. Uongo ule haukuhitaji mlinzi, maana sisi sote tulikuwa tumefundishwa kuulinda.

Alifanya mtihani Pangai mwezi Novemba 1990, na tena Novemba 1992. Maswali ya sura ile aliyafanya kwa kubahatisha, akijaribu namba hii, akiiacha, akishika nyingine, mpaka muda ukaisha. Mara zote mbili alifeli kwa alama chache. Mwezi Machi 1993 alitimiza miaka thelathini na tano. Bibi alifariki mwaka uliofuata, akamwachia juma zima la nafasi ambayo haikuwa na kazi tena.

Kisukari kilimshika mwaka 2001, na mwaka 2007 kikachukua mguu wake wa kushoto. Mwezi Mei 2009 alilazwa hospitalini. Baba alisimama mlangoni pa wodi, amempa mgongo kama inavyotakiwa, nami nikiwa katikati na bakuli la supu.

"Kaka," alisema, "ulishindwa nini kunifundisha hata siku moja?"

"Dada, si wewe uliyeomba nisikutajie?"

"Mimi? Mimi niliambiwa nisuke mikeka."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Baba alianza kufundisha palepale, akiuambia ukuta wa korido: peleka kila kitu upande mmoja, upande wa pili ubaki sifuri, kisha tafuta namba mbili, ukizizidisha zikupe hii, ukizijumlisha zikupe ile. Alipomaliza, supu ilikuwa bado ya moto.

"Kumbe ni hivi tu?" shangazi akasema.

Aliirudia kauli hiyo siku zote zilizobaki, mimi nikimwosha na kumbadilishia shuka. Alifariki tarehe 30 Mei 2009.

Nilimwendea mama nikamuuliza. Hakukana. "Alipewa kila kitu. Mikeka yangu mizuri, nguruwe wangu, hata kumpa jina mtoto niliyemzaa mimi. Hicho kimoja nilitaka akikose." Nilimchukia mama yangu siku ile, na leo bado namchukia.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Mwalimu Lopeti, ambaye ameusoma wasifu huu kabla yenu na hakufuta neno; watoto wanne wa kaka; na wajukuu. Ameacha pia wifi mmoja, Fipe, ambaye kwa mila yetu yuko nyuma kwenye moshi akiwapikia ninyi, na hapo alipo hanisikii. Ndiyo maana tumeyachapisha maneno haya.

Shangazi Losaline, pumzika kwa amani.