Mama Dafrosa na Kanda ya Miaka Hamsini

Kanda mpya ya kidijitali inadumu miaka hamsini, alisema Jumatatu Bw. Leodgar, wakala wa kampuni inayoiuza. Mama Dafrosa Uwimana, mtunza kanda wa redio yetu tangu 1992, anayestaafu Juni 30, 2026, alimsikiliza hadi mwisho.

“Na mashine ya kuisomea, mwanangu, nayo inadumu hamsini?”

Wakala alikiri kwamba mashine hubadilika kila miaka michache, na za baadaye huenda zisisome kanda za leo. Kanda bei yake nafuu. Mashine ni bei ya gari.

Mama Dafrosa alizaliwa Ulyankulu, kwa wakulima wa tumbaku. Alipoajiriwa alipanda treni na kinasa sauti, akirekodi nyimbo za wapagazi wa misafara ya kale kutoka kwa watoto wao, ambao sasa walikuwa wazee. Mzee mmoja wa Goweko aligoma kuimba wimbo wa baba yake bila mzigo begani. Akatwishwa begi la betri. Kwenye kanda anasikika akihema: “Binti, kumbe baba alikuwa punda!”

Mwaka 2003 kituo kilihamishia sehemu ya kanda kwenye ghala la tumbaku huko Usoke. Panapofaa jani, tulisema, patafaa kanda. Mama Dafrosa naye aliafiki. Wote tulisahau kwamba jani la tumbaku hutunzwa likiwa na unyevu kidogo ili lisivunjike. Masika yalipokwisha, nyimbo zote zilizorekodiwa kule Tura zilikuwa ukungu mtupu. Tangu hapo Mama haliamini neno “inadumu” kutoka kwa yeyote, hata fundi viatu.

Sasa meneja wetu, Bw. Wilbroad, anataka kila kitu kihamishiwe kwenye kanda mpya na za zamani zichomwe, chumba cha kanda kiwe studio. Mama amekubali kuhamisha. Kuchoma amekataa.

“Mama, unastaafu wewe, si kanda,” meneja alimtania kikaoni.

“Ndiyo maana nazisemea. Chomeni mkishasikia, msichome kwa kuambiwa.”

Tulicheka, yeye hakucheka. Kikao kikampa haki: ufunguo wa chumba anakabidhiwa Stela, anayerithi kazi yake, na kanda mpya itasomwa kwanza kwenye mashine nyingine, si ya wakala.

Asante, Mama, kwa masikio yako na ubishi wako. Tunakutakia mapumziko mema na afya njema. Jaribio ni Jumatano, Julai 15, saa nne asubuhi, nawe ni mgeni wetu. Ataanza mzee wa Goweko. Asiposikika akihema, hakichomwi kitu.