Rudi Likiwa Jekundu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Soli, fundi viatu. Mwenye birika la kahawa ni mimi, kazi yangu kumimina na kunyamaza, na hiyo ya pili inanishinda. Wateja wa kudumu ni Profesa, aliyeacha shule mapema lakini mdomo wake ukaendelea na masomo, na Breki, dereva mstaafu. Asubuhi ile walikuwa wakimjadili dada yake Soli, aliyelazwa kwa saratani ya titi. Jirani yake, mke wa muuza vitambaa, mwanamke mweupe, aliugua hivyohivyo, akatibiwa hospitali hiyohiyo, akapona, na sasa anapanga foleni ya mkate. Dada wa watu anaambiwa amechelewa.

SOLI: Kachelewa wapi? Alitangulia yeye zahanati! Nesi akamwonyesha picha ukutani, titi limevimba, ngozi nyekundu. Akamwambia, lako bado, rudi likiwa jekundu.

BREKI: Na jirani?

SOLI: La jirani lilikuwa jekundu. Siku hiyohiyo akapelekwa hospitali. Dada yangu akabaki anajitazama kwenye kioo kila asubuhi, mpaka alipoanguka bafuni.

PROFESA: Hiyo ni sayansi. Dawa za kansa zilitengenezewa weupe. Zikikuta ngozi nyeusi zinapotea njia.

BREKI: Dawa inapita kwenye mshipa, bwana!

PROFESA: Na mshipa umefunikwa na nini?

BREKI: Acha hizo. Tatizo ni jina. Kompyuta ya hospitali ikisoma jina la kwetu, inalisukuma chini ya orodha. La kwao linapanda lenyewe.

PROFESA: Kompyuta haina kabila.

BREKI: Aliyeinunua je?

PROFESA: Basi kansa yenyewe ni mbaguzi. Kwao inabisha hodi, watu wanajiandaa. Kwetu inapitia dirishani.

MIMI: Kumbe inazijua nyumba?

PROFESA: Wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Ndipo akafika mpwa wa Soli, binti wa huyo mgonjwa, kapu la chakula cha kumpelekea mama yake hospitali mkononi. Akatuamkia, akamwita mjomba wake pembeni. Pembeni ya kibanda kile ni hatua moja tu, kwa hiyo tulisikia sote.

— Mjomba, samahani, sina mwingine wa kumwambia. Hapa kifuani pamevimba. Panawasha.

Soli akaweka nyundo chini.

— Umeenda zahanati?

— Nimetoka huko sasa hivi. Nesi kanionyesha ile picha. Kasema nirudi likiwa jekundu.

Akanyoosha mkono wake, mweusi kama wetu sote pale, akautazama huku na huku.

— Mjomba, kwa rangi yetu hii, wekundu unakuwaje?

Soli akamtazama Profesa. Profesa akainuka, akampisha binti kwenye benchi.

Soli akavua aproni.

— Twende hospitali, mama. Tusisubiri rangi.